Ukucha wa Nyapara

Nilifungwa kwa sababu ya kofi. Tarishi wa mtemi alikuja kwetu, upande wa Ipole, akamwita baba yangu mvivu mbele ya wake zake kwa kuwa kodi ilichelewa, na mkono wangu ulifika shavuni mwake kabla akili haijafika. Sijutii kofi lile hata leo. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeoa juzijuzi tu, mke wangu alikuwa na mimba changa, na hakimu alinipa miezi sita bila hata kuniinulia macho.

Lilikuwa gereza dogo, nje kidogo ya mji wa Tabora. Siku hizi hata kuta zake hazipo, watu wanalima karanga pale. Wala usidhani niliingia kishujaa. Ukali wangu wote niliuacha kwetu pamoja na lile kofi. Nilipovuliwa nguo zangu na kupewa kaptura ya wafungwa niliogopa kila kitu: kengele, bunduki, ndoo ya choo iliyokaa pembeni mwa chumba. Zaidi ya vyote niliwaogopa wenzangu, kwa jinsi walivyonitazama kuanzia miguuni hadi kichwani bila kusema neno.

Mkeka wangu uliangukia kando ya mzee mmoja, fundi cherehani wa mjini, Mwislamu wa ukoo wa siku nyingi pale Tabora. Alifungwa kwa kununua jora la kitambaa bila kuuliza limetoka wapi.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akasogeza mdomo karibu na sikio langu. "Una kucha?"

Nikamwonyesha vidole vyangu vyote kumi. Alicheka mpaka mabega yakamtikisika, lakini hakutoa sauti, na hapo nikajua kwamba mle ndani hata kicheko kilikuwa na mipaka yake.

Alinieleza pole pole. Ukucha ulikuwa fedha ya pale. Ilikuwa tumbaku, kiasi cha tumbaku iliyofikichwa kinachoweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Kipande cha nyama cha Jumamosi kilikwenda kwa kucha mbili. Kipande cha sabuni kilikwenda kwa ukucha na nusu. Mtu wa kukubebea ndoo siku ya zamu yako alitaka kucha tatu, na msimu wa kuhara alitaka tano. Mzee mwenyewe alishona tumbaku za watu ndani ya pindo za kaptura, kazi safi kabisa, askari akipapasa hasikii kitu. Tumbaku ilikuwa marufuku na kila mtu alikuwa nayo. Ilikotoka hakuna aliyeuliza. Na mimi, mtoto wa mkulima wa tumbaku, niliyeiacha nyumbani ikining'inia hadi jikoni, sikuwa na hata chembe.

"Sasa ukucha wa nani?" nikamuuliza. "Maana vidole havilingani."

"Wa yule," akasema, bila kunyoosha kidole.

Yule alikuwa nyapara wetu, mfungwa aliyewekwa juu ya wafungwa wenzake. Babu yangu, aliyebeba pembe za ndovu kwenda pwani ujanani, alilijua neno hilo kama cheo cha mkuu wa wapagazi, na kila alipolitamka alishusha sauti. Sasa nikaelewa kwa nini. Mtu huyu alikuwa mrefu, wa makamo, na gumba lake la kulia lilikuwa limepondwa zamani na jiwe likatandazika, ukucha ukawa mpana kama kijiko. Kila biashara ya chumba kile ilipimwa juu ya gumba hilo. Wawili wakikubaliana, walikwenda kwake na tumbaku, akaifikicha, akaiweka juu ya ukucha taratibu kwa vidole vya mkono mwingine, akainua mkono. Kilichobaki juu ya ukucha kilikuwa mali ya mwenye kulipwa. Chenga zilizoangukia kitambaa alichotandika gotini zilikuwa zake, na hakuna aliyethubutu kuzitazama.

Sikuwahi kumwona akimpiga mtu. Hilo ndilo lililonitisha. Akikukasirikia alisema tu, "Huyu hana kucha," na tangu saa ile hakuna aliyekununulia wala kukuuzia kitu. Ulibeba ndoo kila siku. Kwenye kuponda mawe ulipewa nyundo yenye mpini uliolegea. Walisema kulikuwa na mtu wa Nzega aliyemficha chenga, akavunjika mkono machimboni adhuhuri, watu wote wakiwapo, na hakuna aliyeona ulivyovunjika.

Sasa sikiliza upumbavu wangu.

Nyapara alisema Kiswahili cha pwani. Alisema "miye" na "weye", akavuta maneno mwishoni, na alipochoka alijiita "yakhe" peke yake. Sisi Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani tangu enzi za misafara. Waliobeba mizigo kwenye njia moja waliibiana chakula, wakatukanana, wakazikana porini, na kutoka hapo mtani wako anaweza kukunyang'anya kofia au kuku wako ukabaki unacheka. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Kwetu Mzaramo akipita kijijini hakosi kuvuliwa kitu, naye akirudi siku nyingine hakosi kulipiza.

Nilikuwa nimechoka kuogopa. Wiki nzima sikuwa nimecheka na mtu. Alasiri moja tulipotoka kuponda mawe nilimwona nyapara ameketi uani, msokoto wa tumbaku uko wazi gotini mwake, na akilini mwangu nikaona mlango. Kumbe huyu ni mtani wangu! Nikienda kwake kama mtani nitakuwa mtu tena. Nikamwendea kwa mwendo wa maringo, nikaunyakua ule msokoto, nikaukata kwa meno, nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Mzaramo wee, hii ni kodi yangu! Babu yangu alikubebea mzigo bure!"

Aliyekuwa akinywa maji aliacha kata mdomoni. Nyapara alinitazama, kisha akatazama goti lake tupu, kisha akanitazama tena. Hakucheka. Akainuka akaenda zake, nami nikabaki nimesimama na tumbaku mdomoni.

"Nani kakwambia ni Mzaramo?" fundi aliniuliza tulipofungiwa. "Hakuna ajuaye kabila la mtu yule. Umemwibia, mwanangu. Mbele za watu."

Siku zilizofuata sitaki hata kuzikumbuka, lakini ndizo ninazozikumbuka kuliko zote. Nilingoja aseme "huyu hana kucha" asiseme. Nilingoja mpini uliolegea, nikapewa mzima. Kila mtu alikaa mbali nami, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa karibu siku ambayo jambo litatokea. Nilikula mgongo ukiwa ukutani. Machimboni nilitazama mikono ya watu badala ya kutazama mawe, nikajiponda kidole. Nilimwomba fundi anisaidie kurudisha ule msokoto; akakataa kata kata, akasema hawezi kuingia kati. Nilifikiri juu ya mke wangu na mimba ile, nikaona nitarudi kwake na mkono mmoja, au nisirudi.

Kisha siku moja aliniita pale kwenye rundo la kokoto. Nikaenda.

"Weye umeniita mtani," akasema. "Kwa nini?"

"Nisamehe, mzee. Nilidhani wewe ni Mzaramo. Kwa unavyosema."

"Ninavyosema." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja hadi akashika jiwe. Alipofuta mdomo niliona damu kwenye kitambaa kile kile cha chenga. "Nimejifunza kusema kwa wapagazi. Mama yangu aliachwa na msafara pale Tura, mgonjwa, na miye nimo tumboni. Hakuishi hata nikamwuliza sisi nani. Nilikulia kambini, nikila makombo ya kila msafara uliopita. Sina kabila. Na asiye na kabila hana mtani. Weye ndiye wa kwanza maishani mwangu kuninyang'anya kitu kwa mzaha."

Nikasema, "Nitalipa, mzee."

"Utalipa, ndiyo. Mtani ana kazi zake." Akainama akanitazama machoni, nami nikanusa homa katika pumzi yake. "Hapa mtu akifa hufukiwa kimya kama mbwa. Miye nimefukia wengi. Nikifa, weye utaingia kaburini na kulikalia mpaka ulipwe, kama wafanyavyo watani. Usinizike bure. Sema naam."

"Naam," nikasema. Angeniambia nimeze kokoto ningesema naam vilevile.

Tangu siku ile alinitania. Watu wa nje wakisikia hivi hudhani nilipona. Jumamosi alikuja akachukua nyama yangu kutoka sahanini, akala mbele yangu, akasema, "Mnyamwezi hana meno ya nyama, mpeni asali," na chumba kizima kikacheka huku kikinitazama, nami nikacheka. Siku ya baridi alininyang'anya blanketi, nikacheka. Alinilazimu nami nimnyang'anye, nikanyoosha mkono kwenye sahani yake. Hakuna kitu kinachochosha kama kutaniwa na mtu unayemwogopa. Kila mzaha nilijiuliza kama huu ndio ule ambao utageuka. Hata hivyo nilianza kusikia aibu ndogo ndani ya hofu yangu, maana niliona uso wake anapotania. Ulikuwa uso wa mtu anayejifunza jambo ukubwani na kuogopa kulikosea.

Kikohozi kilimmaliza pole pole. Ukucha wake ulibaki mpana juu ya kidole kilichokonda, na alipopima mkono ulitetemeka, chenga zikawa nyingi kuliko zamani. Watu walipata hasara wakanyamaza.

Karibu na mwisho wa kifungo changu alikuja bwana jela mpya, Mzungu mwembamba asiyependa kelele. Alitangaza kwamba atakayekutwa na tumbaku atachapwa viboko na kuongezewa kifungo. Tukadhani ni maneno. Siku ya pili walimtoa kijana mmoja aliyekutwa na msokoto kwenye pindo, wakamfunga kwenye benchi uani, tukapangwa mstari tutazame. Nilimwona fundi akifumba macho kila bakora ilipotua, kwa sababu pindo lile alilishona yeye. Siku hiyo hiyo watu walitumbukiza tumbaku zao kwenye ndoo ya choo. Neno ukucha halikutamkwa tena. Mimi nilikuwa nimebakiza siku chache kurudi Ipole, na habari ilikuwa imeletwa na watu wa kwetu waliokuja kuuza nta mjini kwamba mke wangu anajiandaa kujifungua.

Ndipo nyapara akafa. Alifariki alfajiri, juu ya mkeka wake, na kabla ya hapo aliniangalia, akainua gumba lake kidogo tu. Sikuhitaji kuambiwa maana yake.

Nilijiambia kwamba ahadi ya woga si ahadi. Nilijiambia kwamba marehemu hana masikio. Wakati fundi anamwosha, nikimmiminia maji, nilijiambia pia kwamba yeye wala si mtani wangu, ni kosa tu nililolifanya kwa sababu ya lafudhi. Maneno hayo yote yalikuwa ya kweli. Lakini nilikuwa nimekula tumbaku yake mbele za watu nikiita utani, naye akaniachia mkono wangu uwe mzima kwa sababu ya neno hilo. Nikaona kwamba nikimfukia kimya nitakuwa mwizi kuanzia siku ile ya kwanza, na nitakwenda kumshika mwanangu kwa mikono hiyo.

Tulimpeleka msituni, wafungwa wachache na askari mmoja mwenye bunduki, kijana wa Kisukuma mwenye uso laini, ambaye tulimwona mpole kuliko wenzake. Tulichimba. Udongo ulikuwa mkavu na kazi ikachukua muda. Kaburi lilipofika kifuani nilibaki ndani kuupokea mwili. Walimteremsha akiwa ndani ya blanketi, nikamlaza juu ya mchanga, wakanyoosha mikono kunivuta nitoke.

Nikaketi.

"Toka," askari akasema.

"Sitoki." Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto. "Huyu ni mtani wangu. Hazikwi bure. Nilipwe kwanza."

Wafungwa wakatazamana. Fundi alianza kuomba chini chini. Askari akashusha bunduki begani, akaishika kwa mikono miwili, wala sikujua kama ataniita tena au vipi. Jasho liliingia machoni. Niliona benchi lile la uani, niliona mke wangu anasimama mlangoni akitazama njia. Nilitaka kusema nilipwe chochote, jani, senti, bonge la udongo, nitoke niende zangu. Lakini marehemu alikuwa na fedha yake.

"Ukucha mmoja," nikasema.

Askari akashtuka. Lile halikuwa neno la nje. Kwa askari mwingine yeyote ukucha ulikuwa ukucha wa kidole tu, angenijibu jikate ule, au angecheka. Huyu alibadilika rangi, akageuka haraka kutazama njia ya gerezani, kisha akaja akachuchumaa ukingoni mwa kaburi hadi nikasikia harufu ya mafuta ya bunduki.

"Nani alikwambia?" akanong'ona. "Ni yeye? Alikwambia nini tena?"

Sikuelewa. Nilimkodolea macho tu, na kukodoa kwangu alikuona kama kiburi. Halafu nikaelewa, na kuelewa huko kuliniongezea hofu badala ya kuipunguza. Tumbaku yote ya chumba kile, msokoto baada ya msokoto, ilikuwa ikipitia kwake. Alidhani namtisha. Mtu mwenye bunduki anayekuogopa ni wa hatari kuliko askari wote wa dunia, nami nilikuwa nimekwisha kaa ndani ya shimo, anahitaji tu kusema nilitaka kutoroka.

"Sijaambiwa kitu, bwana askari," nikasema. "Mimi ni mtani wake. Nalipwa, natoka, nanyamaza. Watani ndivyo walivyo."

Tunajua utani, sisi na Wasukuma. Hata yeye kwao wapo waliokalia makaburi. Akaingiza mkono ndani ya fulana yake, akatoa kipande cha msokoto, akakitupa miguuni mwangu kama kinamwunguza.

Nikakifikicha kiganjani. Sasa niipime juu ya gumba la nani? Nilifungua blanketi, nikautoa mkono wake wa kulia, uliokuwa mgumu na baridi, nikaweka tumbaku juu ya ukucha ule mpana taratibu, kama alivyofanya yeye, mpaka ikakaa. Wote juu walikuwa wameinama wakitazama. Kiasi kilichobaki juu ya ukucha nilikitia mdomoni. Zilizobaki ziliangukia blanketini, nikazifunika humo humo. Chenga zilikuwa zake.

Langoni askari yule yule alinipekua. Tumbaku ilikuwa bado shavuni mwangu, mikono yake ikapita juu ya shavu hilo kana kwamba halikuvimba. Niliachiwa siku yangu ilipofika. Baadaye fundi aliniambia kwamba chumbani waliojaribu kuanzisha kucha tena waligombana kila siku, kila mmoja akileta gumba lake, mwishowe wakaacha na kubadilishana nyama kwa sabuni mkono kwa mkono. Mtoto wangu nilimkuta ana siku mbili.

Baada ya hapo nilisafiri sana kwa treni kupeleka nta na tumbaku. Treni ikisimama Tura, pale alipozaliwa nyapara, wanawake huja madirishani na mayai ya kuchemsha, na mimi kila mara hunyakua yai moja bila kulipa. Safari moja mama mmoja alinishika mkono asiniachie, akafoka kwa Kinyamwezi chetu hiki hiki, abiria wote wakageuka.

"Sisi ni watani, mama," nikamwambia.

"Utani wa wapi, baba? Si tuko kabila moja mimi na wewe?"

"Nilimzika mtu wenu," nikasema.

Alinitazama usoni, kama anatafuta ni nani huyo, na kwa nini hakupata habari ya msiba. Treni ikaanza kusogea. Akaliachia lile yai.